Mahameli za Baba Turki

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio, ndoo na onyo. Ufagio na ndoo vilikuwa vya fleti nzima, huko Olaya, Riyadh, ghorofa ya juu kabisa. Onyo lilikuwa la ukuta mmoja. Madam Lulwa alinivuta kwa mkono wa dera mpaka majlisi, yaani sebule ya wageni, akanionyesha kitambaa kilichotundikwa kuanzia karibu na dari hadi karibu na zulia.

"Hii, mafi kugusa," akasema. "Mafi maji, mafi sabuni. Ukigusa, halas, wewe."

Kiarabu changu siku hiyo kilikuwa cha madrasa, cha kusoma na si cha kugombezwa, lakini hayo niliyaelewa: mafi ni hakuna, halas ni kwisha. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha mahameli nyekundu iliyokolea, na juu yake pametariziwa ng'ombe dume mweupe anaogelea baharini, mgongoni amempakia msichana. Msichana ameshika pembe kwa mkono mmoja, shingo ameigeuza nyuma kuangalia pwani, na huko pwani wenzake wamenyanyua mikono. Kifua kiko wazi. Nikasema astaghfirullah. Halafu badala ya kugeuza uso nikasogea karibu, kwa sababu maji ya bahari ile yalishonwa kwa hariri, kijani kikiingia kwenye buluu, buluu ikiingia kwenye kijivu, na huoni uzi mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia.

Nikapigwa kofi la kisogo. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza.

Mimi ni Mwanaidi, mzaliwa wa Majengo, Mombasa. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo ninaandika kama ninavyosema, anayetaka Kiswahili cha vitabu atafute mwingine. Sindano nilifundishwa na mama, ambaye umri wake wote alishona kofia za mkono, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi. Mama hakuwa na mchezo. Ukishona legelege anaichukua kofia, anafumua mbele yako, anakurudishia. Kulia ni shauri yako.

Aliyenipeleka Saudia ni Bi Rukia, wakala, jirani yetu, mtu aliyekuwa akija kwetu kuazima sufuria kubwa za arusi. Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu watu walikuwa wakiondoka mtaani kwetu mfululizo, kila ukisikia vigelegele unajua kuna mwanamke anaagwa. Mimi nilikuwa nimeachika, sina mtoto, nina mama tu na kaka yangu Athmani.

"Mwanaidi, miaka miwili ni kufumba na kufumbua," Bi Rukia aliniambia. "Utakula, utalala kwenye baridi ya mashine, utarudi umenenepa hatukujui."

"Kazi gani, Bi Rukia?"

"Za nyumbani tu, mama. Kwani wewe hujui kufua?"

Lakini huko Riyadh alikwishasema mengine. Alimwambia Madam Lulwa kwamba ana mwanamke anayeishinda mashine kwa sindano. Mimi sikuambiwa. Namtaja kwa jina kwa sababu mpaka leo anakaa mtaa ule ule na watu wanampisha njiani.

Kafili wangu alikuwa Baba Turki, mume wa Madam Lulwa. Kafili ndiye mwenye jina lake kwenye ikama yako, kibali chako cha kukaa, na bila saini yake hutoki nchini. Alikuwa na duka Dira, katikati ya mji wa zamani, kwenye mitaa ya wauza milango mikongwe, majambia na madele ya kahawa. Wenzake waliuza vitu vya Waarabu, yeye aliuza vya Ulaya: saa za ukutani, viti vya miguu iliyopinda, vioo, na zaidi ya yote mahameli zilizotariziwa, zilizotoka kwenye majumba ya wakubwa wa huko ambao nadhani walikwishafilisika. Nilipomaliza kama mwezi mmoja wa kufagia, Madam Lulwa alinipa kanzu ya mumewe iliyochanika mkononi. Niliishona. Aliigeuza huku na huku akitafuta mahali palipochanika, asipaone. Kesho yake nikapelekwa Dira.

Juu ya duka palikuwa na chumba cha wanawake, na humo mkubwa wangu alikuwa Sitti Hanaa, Mshami, yaani mtu wa Siria, fundi mkuu. Alivaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na akiutafuta wa kichwani ole wako umwambie uko wapi.

"Hii unayoiangalia ina miaka mia mbili na zaidi," aliniambia. "Wewe una mingapi?"

"Thelathini na kitu, Sitti."

"Basi mheshimu mkubwa wako. Nawa mikono."

Nitaeleza kazi ilivyokuwa, kwa sababu najua wengi wenu hamjaiona. Mahameli ina vinywele vilivyosimama, na vinywele vyote vinalalia upande mmoja kama manyoya ya paka. Ukipitisha kiganja kuelekea vinapolalia kitambaa kinang'aa, ukirudisha kinyume kinakuwa cheusi. Vumbi la Riyadh linaingia katikati ya vinywele hivyo na kukaa. Maji hutumii, sabuni hutumii. Unatandika kipande cha chandarua juu, halafu unapitisha mashine ya kufyonza vumbi kwa mbali, chandarua kizuie nyuzi zilizolegea zisivutwe. Panapobaki uchafu unatumia brashi ya kunyolea ndevu, laini, ukifuata manyoya.

Uzi wa dhahabu si dhahabu. Ni utepe mwembamba wa fedha uliopakwa dhahabu, ukasokotwa juu ya uzi wa hariri. Huo hauupitishi ndani ya kitambaa, utakatika. Unaulaza juu, kisha unaufunga kwa vishono vidogo vya hariri, kama fundi anavyofunga makuti kwenye fito. Madam Lulwa kila Ijumaa alikuwa akifukiza udi chini ya mahameli yake pale Olaya, anapenda inukie. Moshi ulipanda kwenye dhahabu na kuifanya rangi ya sufuria ya zamani. Sitti Hanaa aliiona, akafumba macho. Hata yeye alikuwa na kafili.

Na miili ya watu, hiyo ndiyo kazi ya juu kuliko zote. Mikono, vifua, nyuso, havikushonwa kwenye mahameli yenyewe. Fundi wa Ulaya alivishona pembeni, kwenye hariri nyeupe iliyowambwa juu ya kitani, kwa uzi mwembamba ambao ukipumua unahama. Mshono unafuata nyama: shavuni unazunguka kama shavu, shingoni unashuka. Kisha akakata kile kipande akakishonea juu ya mahameli, akaficha ukingo kwa kamba ya hariri. Kwa hiyo kila uso ulikuwa kiraka. Shikeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Wanunuzi wengi wa Baba Turki walipenda farasi, magari ya kuvutwa, misitu na mawimbi, lakini hawakutaka uchi. Ilikuwa haki yao, hata mimi nisingeutundika kwangu. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kuvisha. Kila mungu wa Ulaya aliyeletwa uchi, mimi nilimkatia hariri inayofanana na rangi za pale, nikamshonea.

"Mvishe huyu," Sitti Hanaa anasema.

"Nimvishe nini?"

"Nguo. Kwenu hakuna nguo?"

Dereva aliyetupeleka na kuturudisha alikuwa Wekesa, Mkristo wa Bungoma, mtu mrefu aliyekaa kwenye gari amejikunja kama kiti cha kukunja. Alikuwa hachoki kuniuliza.

"Dada, leo umevalisha wangapi?"

"Wanawake wawili. Na mzee mmoja ana mkia wa samaki, huyo nimemshonea kikoi."

"Kikoi! Sasa huo mkia utatokea wapi?"

"Hayo mwulize aliyemzaa."

Alicheka mpaka akakosa njia ya kuingia. Kucheka kwetu kulikuwa humo garini tu, Sitti Hanaa akiwa hayumo.

Baada ya kuvisha kukaja kukata. Wako wateja ambao hawakutaka nyuso kabisa mahali pa kuswalia, na hilo nalo sikulipinga, hata kwetu watu hawatundiki sura penye msala. Sitti Hanaa alinifundisha kuingia kwa nyuma, kwenye bitana, kukata vifundo kimoja kimoja mpaka kiraka cha uso kinaachia chenyewe bila kuumiza vinywele vya mahameli. Uso ukitoka, panabaki kipara. Hapo tulifunika kwa maua ya hariri au shungi. Nyuso nilizozitoa nilimpa Sitti Hanaa, naye alizilaza kwenye karatasi laini na kumpelekea Baba Turki. Nilidhani zinachomwa.

Siku moja Wekesa alinitazama kwenye kioo cha gari.

"Unajua leo nimebeba nini? Vichwa."

"Vichwa vya mbuzi?"

"Vyako, dada. Vimewekwa kwa fremu, kioo juu, vizuri kabisa. Nimepeleka hoteli hapa Olaya kwa mzungu mmoja. Mzungu amekaribia kulia, bana."

Basi ndiyo biashara ya Baba Turki ilivyokuwa. Mwili kwa huyu, kichwa kwa yule. Baadaye akaanza kuvikata hata vya mahameli ambazo mnunuzi hakuomba zikatwe, maana wa vichwa alikuwa anangoja. Yule msichana wa mgongoni mwa ng'ombe, wa pale nyumbani kwao, naye alishushwa ukutani akaletwa Dira pamoja na mahameli tatu za aina yake. Nilimtoa uso mimi mwenyewe. Nilipouliza nani amenunua, Sitti Hanaa akaniambia niulize uzi.

Kufika hapo mkataba wangu ulikuwa umekwisha. Nilimwendea Baba Turki dukani, wakati wa kufunga kwa swala ya alasiri, hakuna mteja.

"Baba, miaka yangu miwili imekwisha. Naomba huruji," nikasema. Huruji ni ruhusa ya kutoka moja kwa moja, huna kurudi.

"Inshallah," akasema. "Maliza hizi nne, halafu huruji."

Nikamaliza. Zikaja nyingine. Maliza hii, halafu huruji. Nikamaliza hiyo. Nilimwomba Sitti Hanaa aniombee kwa sababu yeye maneno yake yalisikika.

"Nikikuombea wewe ukaenda," akasema, "mimi nitabaki na nani? Na Mhindi wa kushona mapazia?" Hata hakuinua uso kwenye fremu. Nimemsamehe mengi yule mama kwa yale aliyonifundisha, hilo sijamsamehe.

Simu yangu ilikuwa kwa Madam Lulwa, kwa hiyo habari za nyumbani zilipitia kwa Wekesa. Nilikuwa nimempa Athmani namba yake. Asubuhi moja Wekesa hakunitania. Aliegesha gari kando, akanipa simu nisome mwenyewe. Athmani aliandika: Mama amepooza upande wa kulia. Anasema kidogo kidogo. Anakuulizia wewe tu.

Nilikwenda kwa Baba Turki na machozi yangu. Hakuwa mtu wa kupiga, nitasema ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia na kahawa.

"Mama yako ana kaka yako," akasema. "Mahameli zangu hazina kaka. Maliza."

Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine chochote duniani. Sikutaka zawadi za kupeleka, sikutaka sanduku. Nilitaka kumkuta mama yuko hai.

Zile mahameli nne, ile ya ng'ombe ikiwa mojawapo, zilinunuliwa na mwanamke mmoja wa Jeddah, Madam Jawahir, mwenye nyumba kubwa mtaa wa Aziziya. Alizichagua kwa picha ndogo za kupigwa mbali, nyuso unaona zipo lakini sura huzitambui. Zilipofika hazina. Alipiga simu, na mimi nilikuwa hapo hapo chumbani Dira nikimsikia Baba Turki akijibu chini ya ngazi.

"Ni shaghala wangu, mfanyakazi, Mwafrika. Hakuelewa. Amefumua nyuso bila kuambiwa." Akaulizwa kitu kutoka upande wa pili. "La, haziko tena. Alizitupa. Lakini mkono anao, wallahi. Nitamleta azishone upya."

Nilimtazama Sitti Hanaa. Alikuwa akilitafuta tundu la sindano kwa bidii ya ajabu.

Tulikwenda Jeddah kwa gari, Wekesa akiendesha, Baba Turki mbele, mimi na Madam Lulwa nyuma. Njia ni ndefu, jangwa tupu. Wao walikuwa na nia ya Umra. Nilimwomba Madam, kwa unyonge kabisa, kwamba na mimi ni Mwislamu, nimekaribia Makka hivi, wanichukue nikaizunguke Kaaba mara moja nimwombee mama.

"Kwanza nyuso," akasema.

Waliniacha Aziziya wakaenda zao kuomba msamaha wa Mungu.

Madam Jawahir alinipokea kwenye ukumbi wa juu, mahameli zimetandikwa sakafuni juu ya shuka. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, si mbaya. "Wewe ndiye uliyezikata?"

"Mkasi niliushika mimi, madam."

"Kwa nini?"

Ningesema nini? Pasipoti yangu ilikuwa mkobani mwa Baba Turki. Nikasema sijui. Akatikisa kichwa kama mtu anayemwona mtoto amevunja sahani. Baba Turki alikuwa ameahidi mbele yake, kabla ya kwenda Makka, kwamba nyuso zikirudi mimi naenda kwetu, huruji iko tayari. Nikaamini, maana ameahidi mbele ya mtu.

Jeddah si Riyadh. Riyadh ni kukavu mpaka midomo inapasuka, Jeddah hewa ina maji ya bahari ndani yake. Hariri inanata kidoleni, kamba za fremu zinalegea kila asubuhi inabidi ukaze upya, dhahabu inaingia weusi. Nilipewa chumba cha kufulia, juu, kina dirisha. Nikawamba kitani, nikawamba hariri nyeupe, nikaanza uso wa msichana wa ng'ombe kama nilivyofundishwa. Niliupasua uzi mpaka ukawa kama unywele. Nilianza paji la uso, nikashuka kwenye jicho, nikaingia shavuni kwa kuzunguka. Wiki nzima nina nusu ya uso. Ulikuwa uso hasa. Mpishi wa nyumba ile alikuja kuchukua mashuka, akausalimia.

Wekesa aliwangojea mabosi wake nje ya mpaka wa Makka, maana Mkristo haruhusiwi kuingia, na aliporudi alipanda kuniletea chakula. Aliutazama ule nusu uso kwa muda.

"Huu umeuweza," akasema. Kisha akakaa kwenye ndoo aliyoigeuza. "Dada, nikuambie kitu usikasirike. Nimemsikia bosi njiani akiongea kwa simu na Sitti Hanaa. Kuna mzigo umefika Riyadh, makasha. Mahameli kubwa kuliko hizi. Anasema wewe ndio utazifanya. Hakuna kwenda."

"Ameahidi."

"Ameahidi Dira pia. Na hii imetoka kwa kaka yako leo." Akanipa simu. Athmani aliandika kwamba mama sasa anakataa chakula mpaka adanganywe kuwa nimekipika mimi.

Sikulia. Nilichoka hata kulia.

"Unamjua yule Mganda wa nyumba ya tatu pale kwetu Olaya?" Wekesa akaendelea. "Alichoma kanzu za bosi kwa pasi, moja baada ya nyingine. Akaunguza na ya Idi. Wamemrudisha kwao na tiketi juu. Wewe unashona kama malaika. Sasa nani anaachia malaika, dada? Si ungekuwa mjinga kidogo?"

Alipoondoka nilikaa na maneno hayo. Nilihesabu moyoni watu wote niliowaona wakirudishwa: aliyeunguza, aliyevunja, aliyepika chumvi tupu. Na waliobaki: fundi, mpishi hodari, yaya anayependwa na watoto. Mimi miaka yote hiyo nilidhani nikishona vizuri zaidi watanionea huruma waniachie. Nilikuwa najifungia mlango kwa mkono wangu.

Nikachukua mkasi nikaufumua ule nusu uso.

Sasa msidhani kushona vibaya ni rahisi. Nilichukua uzi mzito, wa mapazia, nikajaribu kupiga jicho hovyo. Mkono ukakataa. Kila nikiukosesha unarudi kwenye mstari wenyewe, unabana wenyewe. Nilijaribu tena, jicho likatoka zuri kuliko nilivyotaka. Mwisho niliihamisha sindano mkono wa kushoto, ambao haujawahi kushona hata kifungo. Hapo ndipo kazi ilipokwenda. Nyuso zote nilizimaliza kwa siku chache. Macho yalikuwa doa jeusi na doa jingine, si lazima usawa mmoja. Pua mstari. Midomo nyekundu kama ya wanasesere wa gulioni. Mzee mmoja wa baharini, wa mahameli ya pili, alitoka kama amemeza ndimu. Nikazishonea mahali pake, nikaziangalia. Ikiwa Madam Jawahir atapiga kelele, nitafungwa kwa kuharibu mali, na mama nitamwona kwenye kaburi.

Walikaa watatu kwenye ukumbi, Baba Turki, Madam Lulwa na mwenye nyumba, kahawa na tende mezani. Mimi na Wekesa tuliziinua mahameli moja moja. Madam Jawahir aliangalia. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Ndivyo zilivyokuwa?" akamwuliza Baba Turki.

Nilimwona rangi ikimtoka. Alikuwa mjuzi yule, alijua hariri kuliko alivyowajua wanawe. Lakini angesema nini? Akisema sivyo, ataulizwa za kwanza ziko wapi, na za kwanza ziko kwa mzungu, kwenye fremu.

"Wallahi ndivyo," akasema. "Ulaya ya zamani. Nyuso zao walizishona hivi."

"Huyu ana makengeza."

"Makengeza yalipendwa sana wakati ule."

Wekesa alikuwa ameshika ncha ya pili ya mahameli, na mahameli ikaanza kutetemeka. Nilimkanyaga kidole cha mguu.

"Maskini," Madam Jawahir akasema, akacheka. "Lakini angalau wana macho. Halas. Tundikeni."

Kwenye ujia wa nje Baba Turki alinishika bega. "Nini ile? Mkono wako umefanya nini?"

"Si mkono, baba. Macho. Unyevu wa huku, na sindano ya miaka yote hii. Sioni tena."

Akaniwekea vidole mbele ya pua. "Hivi vingapi?"

"Vipi, baba?"

Alinitazama sana. Mpaka leo sijui kama aliniamini au aliogopa nirudi mle ndani kumwambia Madam Jawahir habari ya vichwa. Madam Lulwa alikuwa ameshavaa viatu. "Rudisha huyu," akamwambia mumewe. "Kipofu nimfanyie nini nyumbani? Tutamwambia Rukia alete mwingine."

Hivyo ndivyo nilivyopata huruji. Sikuachiwa kwa mkataba, wala kwa machozi, wala kwa mama anayekufa. Wekesa alinipeleka uwanja wa ndege akinishika mkono kama kipofu wa kweli, maana Baba Turki alikuja nyuma kuhakikisha naondoka.

"Dada," akaninong'oneza, "usije ukasoma kibao chochote mpaka ndege iruke."

Mama nilimkuta. Alikuwa amelala ubavu, amebaki mifupa na kanga, mdomo umevutika upande mmoja. Nilimlisha uji mwenyewe. Alipokwisha kumeza aliniangalia kwa lile jicho zima, akauliza kwa shida, neno moja moja, walikuachaje.

"Nilishona vibaya, mama."

"Vi-baya?"

"Kwa mkono wa kushoto. Macho huku, pua kule."

Mwanamke yule alinifumulia kofia utoto wangu wote. Nilimwona ule upande wa mdomo uliobaki ukipanda juu, kisha mwili wote ukaanza kutikisika, nikadhani ni kifafa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka uji ukamtoka, mpaka Athmani akaja mbio kutoka uani akiuliza kuna nini. Aliishi mpaka masika yakakatika, na mara kwa mara alikuwa akinyanyua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaupungapunga hewani kama anashona, kunichekesha.

Nimestaafu sindano. Macho yangu hayana neno, hamu ndiyo iliyokwisha. Nikiona mahameli kwenye duka la mapazia naijua inalalia upande gani, sijisifu, mkono unajua tu. Baba Turki nasikia bado anauza. Sitti Hanaa sina habari zake. Bi Rukia aliambia mtaa mzima kwamba mimi nilirudishwa kwa upofu na uzembe, ati niliharibu soko lake, na bado wasichana wanapanga foleni barazani kwake. Anawauliza mnajua nini, mnajua kupika, mnajua kusuka, mnajua kulea, naye anawasifia huko mbele.

Mkiulizwa, wanangu, semeni mnajua kufagia. Na mkifika, fagieni, lakini acheni vumbi kidogo kwenye pembe.